Gari lako la dizeli limepungua nguvu? Anza na filta

Kama una gari la zamani la dizeli hapa Nyakabiga, huenda umeona hili: mjini linakwenda vizuri, lakini ukipanda kuelekea Bugarama linachoka. Kabla ya kulipia pampu au nozeli, kagua kwanza vitu vya bei ndogo.

Moshi mweusi? Tazama filta ya hewa. Injini ikikosa hewa haichomi mafuta yote. Toa filta uielekeze kwenye mwanga. Mwanga usipopita, ibadilishe.

Nguvu inakatika bila moshi mweusi? Tazama filta ya mafuta. Mazutu yaliyowekwa kwenye bidoni huweza kuwa na maji na uchafu. Zima injini, mwaga maji ya chini ya filta, au weka mpya, kisha piga pampu ya mkono kutoa hewa. Kagua pia mipira ya mafuta: ufa mdogo huingiza hewa.

Pedali inafika mwisho? Mwombe mwenzako aikanyage, injini ikiwa imezimwa. Waya uliolegea hupunguza mafuta.

Kumbuka: Bugarama ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, na injini isiyo na turbo lazima ipungue nguvu kidogo.

Tahadhari: Usilegeze mabomba ya nozeli injini ikiwaka. Mafuta yenye shinikizo hutoboa ngozi. Yakikuingia, nenda hospitali mara moja.

Tatizo likibaki, mwambie fundi apime nozeli na kompresheni kabla ya kubadilisha chochote.