Kitabu cha hesabu kinaweza kulisha nyumba

Katika kambi zetu kuko watoto wengi wenye diploma ya komersiale, lakini wanaikala tu nyumbani. Na pale pale, mama wa soko, fundi wa magari na koperative ya wachimbaji wanatafuta mtu wa kuwaandikia hesabu.

Kongo iliingia OHADA mwaka 2012. Sheria yake inaomba mwenye kazi ndogo aandike kila siku feza zenye kuingia na zenye kutoka, na achunge kile kitabu miaka 5.

Kazi hii haiombe biro: meza, daftari mbili, mashini ya kuhesabia na kinywa chenye kuchunga siri vinatosha. Anza na wateja 2 ao 3. Patana bei ya mwezi kwa maandishi. Fakture zipange kwa tarehe. Feza ya mteja usiishike hata siku moja. Wewe unaandika tu. Na usitie sahihi ya kuhakikisha hesabu za kampuni: ile ni kazi ya mkontabule mwenye kuandikwa kwenye ONEC.

Pasipo kitabu, mnunuzi wa mawe anasema kilo zake na mchimbaji anaitika tu. Kwenye kitabu kuko, wanahesabu wote wawili.