Ramani ya Hatari ya Kufa Maji Pwani

Kufa maji ni kushindwa kupumua kwa sababu ya kuzama majini. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji, na karibu nusu yao walikuwa na umri wa chini ya miaka 29. Wengi wetu huviita vifo hivi ajali, kisha tukanyamaza. Lakini ajali ikitokea mara kwa mara mahali palepale na saa zilezile, hapo pana sababu. Na sababu yaweza kupimwa na kuchorwa.

Ramani ya hatari hujengwa juu ya mambo matatu: mahali, wakati na watu. Ramani ya kawaida huonyesha jambo la kwanza tu. Kumbe ufuo mmoja waweza kuwa salama asubuhi na kuwa mtego adhuhuri.

Tuchukue mfano wa pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989. Maji yakipwa, wakulima wa mwani, wachokoa pweza na watoto huenda mbali hadi karibu na mwamba. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia kati ya mita 3 na 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi takriban mita 1. Katika bamvua maji hupwa kabisa yapata saa 4 asubuhi, nayo hujaa yapata saa 10 alasiri.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hutumia kanuni ya sehemu 12: katika saa sita za kujaa, maji hupanda sehemu 1, 2, 3, 3, 2, kisha 1. Tofauti ikiwa mita 3.6, kila sehemu ni sentimita 30. Basi saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30, saa ya pili 60, na saa ya tatu 90.

Sasa tuseme mtu amesimama juu ya fungu la mchanga lililoinuka sentimita 100 juu ya usawa wa maji yaliyopwa. Kati yake na nchi kavu upo mkondo ambao aliuvuka asubuhi ukiwa na kina cha sentimita 60. Baada ya saa mbili maji yamepanda sentimita 90. Fungu lingali kavu, naye haoni sababu ya kuondoka. Lakini mkondo ulio nyuma yake umefika sentimita 150, nao unakwenda kasi. Hesabu hii ni makadirio tu, kwani mwamba na upepo huweza kuibadilisha. Hata hivyo yatufunza kwamba hatari huanza nyuma ya mtu, si mbele yake.

Jambo la tatu ni watu. Tuseme ufuo wa kwanza una vifo 3 kati ya watu 3,000 wanaoingia majini, na wa pili una kifo 1 kati ya watu 100. Anayehesabu vifo peke yake atauogopa ule wa kwanza. Anayegawanya ataona kwamba hatari ya ule wa pili ni mara kumi. Tena, rekodi za hospitali pekee hazitoshi, maana aghalabu maiti huzikwa bila kupitia huko. Yapasa kuwauliza wavuvi, masheha na wazee wa mji.

Ramani ikikamilika, kila alama huelekeza kinga yake. Penye mkondo, huwekwa nguzo yenye mistari ya vipimo na huamuliwa saa ya kurudi. Penye visima na madimbwi karibu na nyumba, hujengwa uzio, na watoto wadogo hutafutiwa malezi mbali na maji. Penye vyombo vya abiria, husimamiwa idadi ya watu na maboya ya kujiokoa. Wanafunzi hufundishwa kuogelea, na wakazi hufundishwa kuokoa kwa kamba au ubao pasipo kujitosa ovyo, kwani mfa maji humshika amwokoaye wakazama wote wawili. Aliyetolewa majini bila kupumua apewe pumzi kwanza, ndipo kifua kikandamizwe. Kumning'iniza kichwa chini ni kupoteza dakika zake.

Mwalimu wa jiografia aweza kuanza na kamba iliyofungwa mafundo, jedwali la maji na karatasi moja. Wanafunzi wapime kina cha mkondo maji yanapopwa, wakiwa na mvuvi mzoefu, kisha wakokotoe darasani ni saa ngapi utafika kifuani mwa mtoto wa darasa la kwanza. Saa hiyo iandikwe kwenye ramani, na ramani ibandikwe pale ambapo watu huteremkia pwani.