Mitishamba ya Kichina na ini: tupime kwanza

Hapa mpakani Mugina, wafanyabiashara huniletea pakiti za dawa za Kichina niwasomee maandishi, kwa kuwa nilisomea Kigoma enzi za ukimbizi na Kiingereza ninakifahamu. Swali lao ni moja: "Mwalimu, hii inalinda ini kweli?"

Ndugu msomaji, jibu linahitaji subira. Wachina wana mchanganyiko uitwao Xiao Chai Hu Tang. Ni mitishamba 7, ikiwemo mizizi ya chaihu, tangawizi na kunazi za Kichina. Tabibu Zhang Zhongjing aliuandika yapata miaka 1,800 iliyopita. Wajapani waliuchukua wakauita Sho-saiko-to, wakautengeneza viwandani kwa vipimo maalumu.

Mwaka 1995 madaktari wa Osaka walitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 5 wagonjwa 260 ambao maini yao yalikwisha kusinyaa. Walioutumia walionekana kupata saratani ya ini kwa uchache kuliko wenzao, ingawa tofauti yenyewe haikutosha kumaliza ubishi.

Furaha haikudumu. Mwaka 1996 serikali ya Japani ilitoa tahadhari: watumiaji 88 walipata uvimbe wa mapafu, na 10 kati yao walifariki. Dawa hiyo ilipigwa marufuku kwa mwenye ini lililosinyaa, na kwa anayechomwa sindano za interferoni. Mmea mwingine, He Shou Wu, unaosifiwa kwa kurudisha weusi wa nywele, umewaharibu watu ini lenyewe.

Sisemi mitishamba ni uongo. Dawa ya malaria ya artemisinini ilitoka kwenye mmea wa Kichina, na Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru, na pakiti ya sokoni haijui ini lako lina nini.

Kwa hiyo tupime homa ya ini aina ya B. Mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Aliyeambukizwa amwone daktari, kwani vidonge vya tenofoviri huzuia virusi visizaliane. Karanga na mahindi yenye ukungu tuyatupe, maana sumu yake huleta saratani ya ini.

Na ile pakiti? Usiifiche. Mpelekee daktari aione kabla hujainywa.