Kigingi Kikiandikwa Namba ya Uongo



Wenzetu wengi wa mashamba ya chai na miwa, mavuno yanapopungua, huenda kutafuta vibarua katika kazi za barabara na mitaro ya maji. Huko hukuta vigingi vimepangwa kufuata njia, kila kimoja kimeandikwa namba kama 3+200 au 5+000. Kibarua huambiwa achimbe penye 5+000, naye huchimba. Namba ikiwa na kosa, shimo halitakuwa mahali pake, na wa kwanza kuulizwa ni yule mwenye sururu. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza namba hizo hutoka wapi, huharibika vipi, na kosa lake hutafutwaje.

NAMBA HUHESABIWA KUTOKA MAHALI

Namba ya kigingi ni umbali. Mafundi huiita cheneji. 0+000 ni mwanzo wa njia, na 3+200 maana yake ni kilomita 3 na mita 200 kutoka mwanzo huo. Katika nchi zetu jirani hesabu ya namna hii ni ya siku nyingi. Reli ya kutoka Mombasa ilipofika Nairobi mwaka 1899, mahali hapo palihesabiwa kuwa maili 327 kutoka pwani. Mpaka leo kuna Maili Moja huko Kibaha, Tanzania, na Maili Tisa karibu na Eldoret, Kenya. Mgeni akiyasikia majina hayo, lazima aulize: maili hizo zimehesabiwa kutoka wapi? Swali hilo hilo ndilo la kuulizia kigingi.

Zamani mchoraji aliandika namba hizi kwa mkono. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta. Programu kama Civil 3D, ya kampuni ya Autodesk ya Marekani, hupewa mstari wa katikati ya barabara, nayo huupima na kubandika lebo zote kwa mara moja. Lakini kompyuta haijawahi kuitembea njia ile. Ikipewa mwanzo usio sahihi, itaandika makosa mia moja kwa hati safi sana, na hati safi humfanya mtu aamini.

TOFAUTI HUONYESHA CHANZO

Fundi anayejua kazi hakimbilii kufuta lebo na kuandika nyingine. Kwanza huchukua alama tatu zinazojulikana ardhini, kama vile daraja, njia panda na jiwe la kilomita: moja mwanzoni, moja katikati, moja mwishoni. Halafu hulinganisha namba zake na zile za mchoro.

Kwanza, tofauti ikiwa ni ile ile kila mahali, tuseme mita 40, kosa liko mwanzoni. Ama 0+000 imewekwa mahali pengine, ama namba ya kuanzia imeandikwa vibaya. Likisahihishwa hapo, lebo zote hurekebika pamoja.

Pili, tofauti ikianza ghafla katikati ya njia, kosa huwa ni la mlinganyo. Tuseme barabara ya zamani ilikuwa na kona kutoka 3+200 hadi 3+900, yaani mita 700. Kona ikanyooshwa, na njia mpya ikawa mita 520 tu. Ili namba zote za mbele zisibadilishwe, wahandisi huandika kwamba 3+720 ya nyuma ni sawa na 3+900 ya mbele. Namba zilizo kati ya hizo mbili hazipo tena ardhini. Mlinganyo huo ukisahauliwa, au lebo ikiwekwa isiufuate, kalvati la 5+000 litaandikwa 4+820. Kibarua anayefuata vigingi vya zamani na karani anayefuata mchoro mpya watatofautiana mita 180, na kila mmoja ataapa kwamba yeye ndiye mwenye haki.

Njia ikirefushwa ili kukwepa kinamasi, mambo hugeuka: namba nyingine hutokea mara mbili. Hapo kusema 3+950 peke yake hakutoshi. Ni lazima isemwe ni ya kabla ya mlinganyo au ya baada yake.

Tatu, tofauti inaweza kukua kidogo kidogo kadiri mnavyokwenda. Hapo tuangalie vipimo. Cheneji hupimwa kwa usawa, wala si kwa kufuata mteremko. Kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, futi kamba iliyolazwa chini mita 100 imesogea mita 99.5 tu kwa usawa. Huenda basi mchoro hauna kosa lolote. Na tofauti ikikua kwenye kona peke yake, pengine lebo zimefungwa kwenye mstari wa ukingo badala ya ule wa katikati.

Michoro ya Kimarekani nayo ina jambo lake. Huko 12+50 ni futi 1,250, yaani mita 381. Anayeisoma kwa kawaida yetu atadhani ni kilomita 12 na mita 50.

Nne, lebo moja ikikosea huku jirani zake zote ni sahihi, yaelekea mtu aliiandika kwa mkono. Mstari ukisogezwa baadaye, lebo nyingine husogea nao, lakini ile hubaki na namba yake ya kale.

LA KUFANYA KAZINI

Mtaro uliochimbwa mita 180 mbali ni kipande kisichohesabiwa, na siku za jasho zisizolipwa. Tena sururu ikishuka penye waya wa umeme uliozikwa, hasara haitakuwa ya fedha tu.

Hivyo basi, kabla ya kuchimba, kikundi kiulize mambo matatu: namba hii yahesabiwa kutoka wapi, kuna mlinganyo kati ya hapo na hapa, na mchoro huu ni wa tarehe gani. Mchoro ukibadilishwa, vigingi vya zamani ving'olewe siku hiyo hiyo, kwa maana namba mbili katika njia moja ni mtego. Na msimamizi anapoonyesha mahali pa kuchimba, mjumbe wa wafanyakazi aandike katika daftari namba ya kigingi, tarehe, na jina la aliyetoa amri.

Kuuliza hivi si kiburi. Msimamizi mwema atafurahi, kwa kuwa kosa lililogunduliwa kabla ya kuchimba hurekebishwa ofisini kwa dakika chache. Likigunduliwa baadaye, hurekebishwa kwa migongo yetu. Na ikiwa tumechimba pale pale tulipoonyeshwa, jasho hilo ni la kulipwa, na daftari ndilo shahidi wetu.