Je, Wajua? Tuzo ya mhadhiri na maji ya Meatu

Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga, mhadhiri wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alikuwa wa kwanza kutwaa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, itolewayo kutoka Uingereza. Chujio lililompatia tuzo hiyo, la mchanga na teknolojia ya nano, huondoa vijidudu na hata floraidi. Kwangu, tuzo hii inazidi shahada nyingi za heshima, kwani mnywaji wa maji anaweza kuipima faida yake. Utasema tuzo haijazi ndoo. Kweli, ila chujio lenyewe linahitajika: Meatu, mkoani Simiyu, maji ya baadhi ya visima huzidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki.