Anza na Majani: Utangulizi wa Siasa za Makabila ya Uajemi, 1914–1918

Mwanafunzi mpya akija kwangu kutaka kujifunza habari za Uajemi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, siku ya kwanza simpi kitabu. Namwonyesha stempu. Ni stempu ya posta ya Uajemi yenye picha ya Ahmad Shah, kijana aliyetawazwa Julai 1914 akiwa na miaka 16. Juu ya picha hiyo pamepigwa chapa ya maneno ya Kiingereza yanayotangaza kwamba mji wa Bushehr umekaliwa na Uingereza. Stempu za namna hiyo zilitumika Bushehr, bandari ya Ghuba, kuanzia Agosti hadi Oktoba 1915. Mtazame huyo mfalme kijana. Serikali yake ilikuwa imetangaza tangu tarehe 1 Novemba 1914 kwamba haiegemei upande wowote katika vita, na bado barua za raia wake zilisafiri na sura yake ikiwa chini ya chapa ya mgeni.

Mbona Bushehr? Hapo ndipo tunapoanzia, kwa sababu jibu haliko mjini. Liko nyuma ya mji, kwa watu wa vijijini na milimani waliokuwa na bunduki, farasi, malisho na ugomvi wao wa siku nyingi. Uwanja huu wa elimu unawahusu hao: makabila ya Uajemi, na madola yaliyokuja kuwashawishi, kuwalipa, kuwatisha na kuwagombanisha.

Nakuonya mapema juu ya swali moja ambalo karibu kila mgeni huja nalo: makabila yalikuwa upande gani, wa Waingereza au wa Wajerumani? Si kosa kuliuliza. Ila ukilishikilia, kila sura utakayosoma itakuchanganya, maana utamwona mtu yuleyule akipokea fedha za huyu Januari na kumficha yule Juni. Anza kwingine. Anza na majani, yaani malisho ya mifugo, na barabara inayopita katikati yake. Majasusi watakuja baadaye, na utawaelewa vizuri zaidi.

Kwanza maneno. Sisi tunaozungumza Kiswahili tumekwishapata mahali pa kuanzia: maneno yetu kama bandari na serikali yametoka Kiajemi. Lakini neno kabila litatupotosha tusipokuwa waangalifu. Kwetu kabila ni watu wa lugha moja na asili moja. Katika Uajemi kitengo kikubwa kiliitwa il, na il ni shirikisho: koo na makundi mengi yaliyounganishwa chini ya kiongozi mmoja. Wa-Qashqai, wafugaji mashuhuri wa jimbo la Fars, wengi wao walizungumza Kituruki. Khamseh, jina linalomaanisha tano, lilikuwa shirikisho la makundi matano, mengine ya Kiarabu, mengine ya Kituruki, mengine ya Kiajemi, lililoundwa na serikali katika miaka ya 1860 ili kuwapunguza nguvu Wa-Qashqai, na likawekwa chini ya ukoo wa Qavam, matajiri wa mjini Shiraz. Wa-Bakhtiari, katika milima ya Zagros, walikuwa na lahaja iliyo jirani na Kiajemi. Unaona, basi, kwamba kumwita mtu Qashqai ni kutaja siasa yake kabla ya damu yake.

Mkuu wa il aliitwa ilkhani. Chini yake walikuwepo khan na kalantar, viongozi wa matawi, na chini kabisa kadkhoda, mkuu wa kijiji au wa kambi. Usijilazimishe kukariri vyeo hivyo. Kumbuka tu kwamba cheo cha ilkhani hakikuwa na mrithi mmoja aliyekubalika na wote. Kaka, mdogo wake, binamu, kila mmoja aliweza kukidai, na serikali ya Tehran au gavana wa jimbo aliweza kumvua mmoja na kumvika mwingine. Mwanya huo ndani ya familia ndio mlango walioingilia wageni wote.

Sasa majani. Wafugaji hawa walikuwa na nchi mbili kila mwaka. Majira ya baridi walikaa garmsir, nyanda za chini zenye joto karibu na Ghuba. Jua lilipoanza kuunguza majani walipanda hadi sardsir, nyanda za juu zenye ubaridi, safari ya mamia ya kilomita pamoja na mahema, watoto, kondoo na mbuzi. Vuli wakashuka tena. Wa-Qashqai walipita jirani na Shiraz mara mbili kwa mwaka, na njia yao iliikata barabara kuu ya biashara itokayo Bushehr.

Barabara hiyo naipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya somo hili, basi nivumilie kidogo. Mzigo ulioshushwa Bushehr ulipakiwa juu ya nyumbu. Msafara ulivuka uwanda wa pwani hadi Borazjan, ukafika Dalaki chini ya milima, kisha ukaanza kukwea kotal, yaani njia za mlimani, moja baada ya nyingine: vijia vya mawe vyembamba, nyumbu akifuata nyumbu, ukuta wa mwamba upande huu na korongo upande ule. Juu ya mwamba wameketi watu wawili watatu wenye bunduki, wanaoitwa tofangchi. Hawahitaji jeshi. Mwenye msafara anawalipa rahdari, ushuru wa njia, naye anapewa ulinzi mpaka kwenye mpaka wa khan wa mbele, ambako atalipa tena. Mfanyabiashara wa Kiingereza aliuita huo unyang'anyi. Khan aliuona ni haki yake, ujira wa kulinda njia ambayo serikali haikuweza kuilinda. Beba hoja zote mbili, utazihitaji.

Tukifika kwenye madola, mambo yanakwenda haraka zaidi. Mwaka 1907 Urusi na Uingereza zilikubaliana kuigawa Uajemi katika maeneo ya ushawishi: kaskazini kwa Warusi, kusini-mashariki kwa Waingereza, katikati pasipo mwenyewe. Mwaka uliofuata, 1908, mafuta yalipatikana Masjed Soleyman, katika nchi ya malisho ya baridi ya Wa-Bakhtiari, nje ya fungu la Waingereza. Makhan wa Bakhtiari walikuwa wamekwishafunga mkataba na watafutaji mafuta tangu 1905: asilimia 3 ya hisa, pamoja na malipo ya kila mwaka ya ulinzi. Bomba likajengwa hadi kisiwa cha Abadan, katika himaya ya Sheikh Khaz'al, mtawala Mwarabu wa Mohammerah. Mwaka 1914 serikali ya Uingereza ilinunua asilimia 51 ya kampuni iliyoyachimba, ikiyataka mafuta hayo kwa meli zake za kivita. Kuanzia hapo mfugaji aliyeishi kando ya bomba aligeuka kuwa mtu muhimu kwa London bila yeye mwenyewe kusogea hata hatua moja.

Vita vilipoanza, sultani wa Osmania alitangaza jihadi, na wito ukawafikia Waarabu wa kusini-magharibi mwa Uajemi. Sheikh Khaz'al alibaki na Waingereza. Lakini Februari 1915 watu wa Bawi, waliohesabiwa kuwa raia wake, walilikata bomba karibu na Ahvaz, na mafuta yakasimama kwa miezi kadhaa. Ukitafuta upande wa kabila hapa, utaupata wapi? Sheikh upande mmoja, watu wake upande mwingine.

Ndipo anapotokea yule ambaye huenda ulisikia habari zake kabla ya kufungua ukurasa huu, Wilhelm Wassmuss. Kabla ya vita alikuwa ofisa wa ubalozi mdogo wa Ujerumani hapo Bushehr. Alizungumza Kiajemi na kuwafahamu makhan kwa majina. Mwanzoni mwa 1915 alirudi kuichochea nchi dhidi ya Uingereza. Khan mmoja wa pwani, Haydar Khan wa Hayat Davud, alimkamata ili amkabidhi kwa Waingereza. Wassmuss alitoroka usiku, akaacha mizigo yake nyuma. Inasimuliwa kwamba ndani ya mizigo kulikuwa na kitabu cha maandishi ya siri kilichowawezesha Waingereza kusoma simu za Berlin; wanahistoria wengi wanaitilia shaka simulizi hiyo. Mimi nakuomba utazame jambo lililo wazi zaidi. Pwani hiyohiyo, umbali wa siku chache kwa farasi, mkuu mmoja alimkamata Mjerumani na wengine walimpokea kama mgeni wa heshima.

Waliompokea walikuwa Watangistani na majirani zao, na miongoni mwao alikuwa Rais Ali, kadkhoda wa kijiji cha Delvar. Je, Wassmuss aliwatia hasira mioyoni? Hasira ilikuwapo tayari. Kwa miaka kadhaa manowari za Uingereza zilikuwa zikiikaba biashara ya bunduki kutoka Maskati, biashara iliyowalisha watu wengi wa pwani hiyo, na mwaka 1912 bunduki zote za Maskati ziliwekwa kwenye ghala moja chini ya udhibiti. Ongeza wito wa dini, ongeza uchungu wa kuona askari wa kigeni bandarini. Julai 1915 maofisa wawili wa Kiingereza waliuawa karibu na Bushehr. Agosti Uingereza ikaukalia mji, na stempu zetu zikapigwa chapa. Rais Ali aliuawa mwanzoni mwa Septemba mwaka huohuo. Nchini Iran, kama Uajemi inavyoitwa leo, siku yake bado inakumbukwa.

Kwa Wa-Bakhtiari mpasuko ulipita ndani ya nyumba. Makhan wakubwa walikuwa na hisa za mafuta za kuzilinda. Bibi Maryam, binti wa ukoo huohuo wa watawala, aliwahifadhi Wajerumani waliokimbia, na Kaisari wa Ujerumani akamtunuku Msalaba wa Chuma.

Mwisho nikupeleke Shiraz, uone vipande vyote vikikutana. Mwaka 1916 Jenerali Percy Sykes alianza kuunda jeshi la Waajemi chini ya maofisa wa Kiingereza, South Persia Rifles, ili kulinda barabara za kusini. Zisome tena habari za rahdari hapo juu, kisha ujiulize jeshi la kulinda barabara lilimaanisha nini kwa Sowlat al-Dowleh, ilkhani wa Qashqai. Maadui zake wa Khamseh, chini ya ukoo wa Qavam, walikuwa wamekwishasimama na Waingereza. Mei 1918 ugomvi ulizuka Khaneh Zenyan, kwenye barabara ya Bushehr magharibi mwa Shiraz, kati ya kambi ya jeshi hilo na wafugaji waliokuwa wakipita, na baada ya siku chache Wa-Qashqai walikuwa wameizingira Shiraz. Waingereza walipigana, lakini pia walifanya kile ulichokwisha kukitarajia: kwa mkono wa gavana, Sowlat alivuliwa cheo na ndugu yake, Sardar Ehtesham, akavikwa. Watu wakagawanyika. Vuli, walipokuwa na safari ya kushuka garmsir, homa kali ya mafua iliyozunguka dunia mwaka huo iliwakuta kambini.

Kabla hujaanza sura ya kwanza, nakupa kazi moja ndogo. Tafuta ramani inayoonyesha milima, weka kidole Bushehr, ukipandishe polepole kupitia Borazjan, Dalaki na Kazerun hadi Shiraz. Kisha andika pembeni miezi ya mwaka, na kwa kila mwezi weka alama mahali ambapo kondoo wa Qashqai wangekuwa wakilisha. Ukifika Mei, simamisha kalamu utazame walipo.