Padre wa Viatu vya Theluji na Mashamba ya Waottawa



Nikitembelea kikundi kwa mara ya kwanza, swali ninalopenda kuuliza kabla chai haijaletwa ni hili: hiki kiwanja cha kikundi kimeandikwa jina la nani? Watu hucheka kidogo, halafu kimya. Kikundi kimoja cha kina mama kilikuwa kimejenga nyumba ya mashine ya kusaga posho kwenye kiwanja chenye jina la mweka hazina wao wa kwanza, na huyo alikuwa marehemu. Watoto wake walipokuja kudai, hakuna aliyekuwa na la kusema.

Leo nataka kuwaeleza habari za watu wa mbali sana waliojibu swali hilo kwa njia mbalimbali. Ni Waojibwa na Waottawa wa Marekani, kando ya maziwa makubwa ya Superior, Michigan na Huron. Sisi shuleni tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu. Wenyewe hujiita Anishinaabe. Waliishi kwa uvuvi, uwindaji, kilimo cha mahindi, na kugema utomvu wa mti uitwao mepo ambao huchemshwa mpaka unakuwa sukari.

Mapadre Wajesuiti kutoka Ufaransa walifika kwao mapema. Padre Claude Allouez alifika Ziwa Superior mwaka 1665, na Padre Jacques Marquette akaanzisha misheni ya Sault Ste. Marie mwaka 1668. Lakini kufikia miaka ya 1760 misheni hizo zilikuwa zimefifia, na kwa zaidi ya miaka 50 watu walikaa karibu bila padre. Sasa angalieni jambo hili: mwaka 1823 wazee wa Waottawa wa Arbre Croche, katika nchi ya Michigan, waliiandikia serikali ya Marekani wakiomba padre Mkatoliki. Hawakungoja kuletewa, waliomba wenyewe.

Kwa nini? Imani ilikuwepo, sitaki kuipuuza. Lakini wazee wale walikuwa na macho. Walowezi walikuwa wanaongezeka kila mwaka, na mwaka 1830 ikapitishwa sheria ya kuwahamisha wenyeji kuwapeleka magharibi ya mto Mississippi. Mtu mwenye nyumba ya magogo, shamba lililolimwa, shule na kanisa, si rahisi kumwambia ati yeye ni mzururaji wa msituni. Na wakiwa na shule, watoto wao wataweza kusoma karatasi wanazowekewa mbele watie alama.

Mwaka 1831 akafika Arbre Croche Padre Frederic Baraga. Alizaliwa mwaka 1797 huko Slovenia, akasomea sheria mjini Vienna kabla ya kuwa padre. Kumbukeni hiyo ya sheria, tutairudia. Alijifunza lugha kwa bidii hata mwaka uliofuata kitabu chake cha sala kwa Kiottawa kikapigwa chapa Detroit. Mwaka 1835 alihamia kwa Waojibwa wa La Pointe, kwenye kisiwa cha Ziwa Superior, na mwaka 1843 akaenda L'Anse. Majira ya baridi alitembea kwa miguu kutoka misheni hadi misheni akiwa amevaa fremu pana za mti zilizosukwa kwa kamba za ngozi, ili asizame kwenye theluji. Ndiyo maana wanamwita padre wa viatu vya theluji. Mwaka 1850 alichapisha sarufi ya lugha ya Kiojibwa, na mwaka 1853 kamusi. Mwaka huo huo akafanywa askofu.

Hakuwa malaika. Kama wamisionari wengi wa siku zile, aliiona dini ya jadi ya wenyeji kuwa ya kishenzi, akawataka waiache kabisa. Aligombana pia na wafanyabiashara waliouza pombe kwa Waojibwa ili wapate ngozi za wanyama kwa bei ya bure, na hapo mimi niko upande wake.

Huko L'Anse ndipo ile elimu ya sheria ilipofanya kazi. Kwa pesa za wafadhili, wakiwemo chama cha misheni cha Vienna kilichoanzishwa mwaka 1829, alijenga nyumba za familia na akahakikisha ardhi ya misheni inanunuliwa kisheria, iwe vigumu kuwafukuza watu. Alijua serikali inaheshimu karatasi kuliko kaburi la babu.

Hofu yake haikuwa ya bure. Februari 1850 Rais Zachary Taylor aliamuru Waojibwa wa Ziwa Superior wahame. Ili kuwavuta, maafisa walitangaza kwamba malipo yao ya kila mwaka hayatatolewa tena La Pointe, bali Sandy Lake, mbali magharibi. Watu wakaenda wakati wa vuli. Pesa hazikufika kwa wakati na chakula kilikuwa kimeoza. Wakafa kwa njaa, magonjwa na baridi, wengine pale pale na wengine njiani wakirudi, jumla karibu watu 400. Mwaka 1852 Chifu Kechewaishke, mzee wa miaka zaidi ya 90, alisafiri mpaka Washington kumwona Rais Millard Fillmore, na amri ikafutwa. Mkataba wa mwaka 1854 ukawapa rizavu zao, ya L'Anse ikiwa mojawapo, na kusema hawatalazimishwa kuzihama. Mzee yule alibatizwa Mkatoliki akiwa kitandani kwake mwaka 1855, karibu na kufa. Nimesoma watu wakibishana alimaanisha nini. Mimi simwulizi.

Kuhusu lugha kuna jambo la kuhuzunisha. Padre aliitungia kamusi ambayo watu wanaitumia hadi leo. Lakini baadaye katika shule ya bweni ya Kanisa ya Harbor Springs, pale pale eneo la Arbre Croche, watoto walitenganishwa na wazazi wao, na waliosoma hapo wameeleza jinsi walivyopigwa na kuaibishwa, pia kwa kusema lugha ya nyumbani. Shule ilifungwa mwaka 1983. Agosti 2022 wazee walitoa ushuhuda mbele ya waziri Deb Haaland karibu na hapo, huko Pellston, na Juni 2024 maaskofu wa Marekani waliomba radhi kwa maandishi kwa mambo yaliyotendwa na Kanisa. Sisi tunaofanya kazi chini ya Kanisa tusiisome habari hii haraka haraka.

Turudi kwa ardhi. Waottawa wa Michigan walitia saini mkataba mwaka 1836. Wazee walikubaliana juu ya rizavu za kudumu, lakini Seneti mjini Washington ikabadilisha, ikaandika miaka 5 tu. Basi vijiji vikafanya ile tungeiita harambee: pesa za mkataba zilizotolewa kila mwaka zikakusanywa pamoja, wakanunua mashamba yao wenyewe tena. Fikirieni, mtu ananunua shamba la babu yake!

Watu wa Burt Lake, Waottawa na Waojibwa mchanganyiko, walinunua karibu ekari 375 miaka ya 1840. Wakaambiwa njia salama ni kuiweka ardhi chini ya gavana wa Michigan, aishike kwa niaba yao. Wakakubali. Wakajenga nyumba na kanisa. Ardhi inayoshikwa namna hiyo haikutakiwa kutozwa kodi, lakini ofisi ya kaunti iliendelea kuandika deni la kodi mwaka baada ya mwaka. Mfanyabiashara wa mbao, John McGinn, akainunua ardhi kupitia deni hilo. Alikuwa na karatasi, nao walikuwa na ahadi.

Tarehe 15 Oktoba 1900 McGinn alifika na mkuu wa polisi wa kaunti pamoja na watu wao. Wanaume wengi wa kijiji hawakuwapo siku hiyo. Kina mama, watoto na wazee walitolewa nje, nyumba zikamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa. Kanisa halikuguswa. Familia kadhaa zilitembea kwa miguu hadi Cross Village kutafuta pa kulala.

Serikali kuu ilifungua kesi kwa niaba yao mwaka 1911. Mwaka 1917 mahakama ikaamua kwamba McGinn ndiye mwenye ardhi. Mwaka 2006 wajukuu wa waliochomewa walipoomba kutambuliwa kama kabila, Washington ilikataa. Makaburi ya wazee wao bado yako kando ya ziwa, na wao ndio wanaoyafyekea nyasi.